Dozi Moja Kabla ya Kisu: Steroidi na Gego la Mwisho

Anayetolewa gego la mwisho la taya la chini kwa upasuaji huambiwa mengi kuhusu maumivu, na kwa kawaida maumivu hayo huwa makali saa chache baada ya ganzi kuisha, kisha huanza kupungua. Kinachomshtua zaidi huja baadaye, siku ya pili na ya tatu: shavu limejaa mpaka upande mmoja wa uso umepoteza umbo, na kinywa hakifunguki vya kutosha kupitisha kijiko. Wengi wa watu hawa ni vijana wenye afya njema, walioingia kliniki wakiwa hawana ugonjwa mwingine wowote. Dawa ya kupunguza hali hiyo ipo. Bei yake ni ndogo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kichupa chake cha kawaida cha mililita moja kina miligramu 4. Inaitwa deksamethasoni, mojawapo ya steroidi za ukoo wa kotisoni. Lakini namna ya kuitumia inatofautiana mno: kuna daktari anayeichoma kwa kila mgonjwa, kuna asiyeigusa kabisa kwa kuogopa maambukizi, na kuna anayemwandikia mgonjwa vidonge vya siku tano aende navyo nyumbani. Hawa watatu hawawezi kuwa sahihi wote. Hoja yangu ni kwamba ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne unaelekeza mahali pamoja: dozi moja, itolewe kabla ya kisu, kwa jino linalohitaji kuchongewa mfupa, na lengo liwe uvimbe na ukakamavu wa taya kuliko maumivu. Ukitoka nje ya mpaka huo faida inapungua au hatari inaongezeka, na mara nyingi yote mawili hutokea pamoja.

Ili kuelewa kwa nini mpaka uko hapo, tuanze na upasuaji wenyewe. Gego la mwisho huota, kwa wengi, kati ya umri wa miaka 17 na 25, na mara nyingi hukuta nafasi kwenye taya imekwisha. Basi hulala: linaegemea gego la jirani, au linajilaza ubavu kabisa ndani ya mfupa, au linatokeza nusu na kuacha mfuko wa ufizi unaonasa chakula na kuvimba kila baada ya muda. Jino la namna hiyo halitoki kwa koleo peke yake. Daktari hupasua ufizi na kuubandua juu ya mfupa, huchonga mfupa unaolizingira jino huku maji ya chumvi yakimiminwa ili mfupa usiungue, kisha mara nyingi hulikata jino vipande viwili au vitatu na kuvitoa kimoja kimoja. Mwishoni husafisha tundu na kushona. Yote haya hufanyika karibu sana na misuli inayofunga taya. Tishu zilizojeruhiwa humwaga kemikali za uchochezi, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuta zake kuvuja, maji hujaa ndani ya shavu, na misuli iliyozungukwa na uvimbe hukaza na kukataa kulegea. Uvimbe hufika kileleni saa 48 hadi 72 baada ya upasuaji na kwa kawaida huisha kufikia mwisho wa wiki. Mpangilio huo wa saa ndio unaobeba hoja nzima, maana kinachoonekana siku ya tatu kilianza pale pale ufizi ulipopasuliwa.

Steroidi hufanya kazi mwanzoni kabisa mwa mfululizo huo. Seli inapojeruhiwa, kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi A2 hutoa asidi ya arakidoni kutoka kwenye utando wake, na asidi hiyo hufuata njia mbili. Moja huzaa prostaglandini, zinazochochea maumivu na uvimbe; nyingine huzaa leukotrieni, zinazoita chembe nyeupe za damu na kufanya mishipa ivuje zaidi. Ibuprofeni na diklofenaki huziba njia ya kwanza tu. Steroidi huzuia kabla njia hazijaachana, kama mkulima anayefunga maji kwenye banio badala ya kuhangaika na mfereji mmoja mmoja shambani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupitia kwenye jeni: seli inabidi itengeneze protini mpya za kuzuia na ipunguze utengenezaji wa zile za uchochezi, na hilo huchukua saa kadhaa. Hapo ndipo sababu ya kutoa dawa kabla ya kisu inapopatikana. Sindano inayopigwa siku ya pili, shavu likiwa limeshajaa, inafika maji yakiwa tayari shambani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 na kundi la watafiti wa Hispania yalifikia hitimisho hilo hilo kwa upande wa wagonjwa: dawa iliyotolewa kabla ya upasuaji ilisaidia zaidi ya iliyotolewa baadaye, na sindano ilisaidia zaidi ya vidonge.

Kwa nini deksamethasoni, wakati ndugu zake ni wengi? Kotisoni yenyewe ilipewa mgonjwa wa kwanza mwaka 1948 katika Mayo Clinic, Marekani, kwa ugonjwa wa baridi yabisi, na matokeo yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba miaka miwili tu baadaye. Madaktari wa meno walianza kuijaribu ndani ya muongo uleule. Matatizo ya steroidi za mwanzo yalikuwa mawili: zilifanya mwili ushikilie chumvi na maji, na zilikwisha nguvu mapema. Deksamethasoni, iliyopatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, haishikilii chumvi kwa kiwango cha kutajika, na miligramu 0.75 zake zina nguvu sawa na miligramu 20 za haidrokotisoni au 5 za prednisoloni. Kubwa zaidi ni kwamba kazi yake mwilini hudumu kati ya saa 36 na 54. Ukiitoa muda mfupi kabla ya upasuaji, nguvu yake inafunika karibu safari nzima ya uvimbe kuelekea kileleni, kisha inaondoka yenyewe. Dozi ya pili, kwa hesabu hiyo, inakuja kufanya kazi ambayo imeshafanyika.

Sasa ushahidi. Gego la mwisho limekuwa uwanja mzuri sana wa kupimia dawa, kwa sababu mgonjwa huwa kijana mwenye afya, jeraha hufanana kutoka mtu hadi mtu, na watu wengi wana meno mawili yaliyolala kwa namna moja, kulia na kushoto. Mtafiti anaweza kumtoa mtu huyo huyo jino moja akiwa amepewa dawa, na jingine wiki kadhaa baadaye akiwa amepewa maji ya chumvi, bila mgonjwa wala mpimaji kujua lipi ni lipi. Mpimaji huchukua utepe laini na kuuvuta juu ya shavu, kutoka kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio hadi pembe ya mdomo, kisha hadi ncha ya kidevu, na mara nyingi pia kutoka pembe ya nje ya jicho hadi kona ya taya. Hurudia vipimo hivyo siku ya pili na ya saba na kuangalia vimeongezeka kwa milimita ngapi. Kwa taya, hupima mwanya kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini mgonjwa anapofungua kinywa hadi mwisho wa uwezo wake. Kwa mtu mzima mwenye afya mwanya huo huwa milimita 40 au zaidi. Kwa maumivu, mgonjwa huweka alama kwenye mstari unaoanzia sifuri hadi 100.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliunganisha majaribio 12 ya aina hiyo. Waliopewa steroidi walivimba kidogo kuliko wasiopewa, kwa tofauti iliyo wazi, katika siku tatu za mwanzo, na tofauti hiyo iliendelea baada ya hapo. Vinywa vyao vilifunguka zaidi kwa wastani wa milimita 4 katika siku za mwanzo na karibu 3 baadaye. Kwenye maumivu, mwelekeo ulikuwa upande wa dawa, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba uwezekano wa bahati tu haukuweza kuondolewa. Msomaji anaweza kuuliza milimita 4 ni kitu gani. Kwa aliyefungua 45 jana na anafungua 42 leo, si kitu. Kwa ambaye kinywa kimeshuka hadi 18, nyongeza hiyo inaweza kumtoa kwenye uji wa kikombe na kumfikisha kwenye wali laini wa kijiko, na inaweza kumwezesha kuingiza mswaki hadi nyuma kulisafisha eneo linalohitaji usafi kuliko yote. Wastani huficha watu hawa wawili ndani ya namba moja, na kosa la wengi wanaosoma takwimu hizi ni kudhani kila mgonjwa atapata zile nne.

Afrika nayo imechangia. Mwaka 2005 madaktari wa hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Lagos walichapisha jaribio la wagonjwa 100 waliogawanywa makundi mawili: wote walipewa diklofenaki, na nusu waliongezewa deksamethasoni. Walioongezewa walikuwa na maumivu na uvimbe pungufu kuliko wenzao hadi saa 48, lakini vinywa vya makundi yote mawili vilifunguka karibu sawa. Jaribio hili linanivutia kwa sababu limefanywa katika mazingira yanayofanana na yetu, kwa dawa zilizopo kwenye kabati za kliniki zetu, na kwa sababu linaonyesha kwamba faida hazitokei zote tatu kila mahali. Uvimbe ndio unaopungua karibu kila unapopimwa. Ukakamavu wa taya hupungua katika tafiti nyingi, si zote. Maumivu yanatofautiana zaidi, na mara nyingi hutegemea mgonjwa amepewa nini kingine.

Hapo ndipo kosa la kwanza la matumizi linapoanzia: kuichukua steroidi kama mbadala wa dawa ya maumivu. Maumivu ya gego la mwisho hufika kileleni siku ileile ya upasuaji, na dawa zenye ushahidi thabiti dhidi yake ni nyingine. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 yalilinganisha ibuprofeni na parasetamoli kwa wagonjwa hawa hawa na kukuta miligramu 400 za ibuprofeni zikizidi miligramu 1,000 za parasetamoli, huku mchanganyiko wa dawa hizo mbili ukionyesha matumaini zaidi. Steroidi inaongeza juu ya msingi huo. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 1995 lilitumia methilprednisoloni pamoja na ibuprofeni, na uvimbe na maumivu ya wagonjwa yalipungua kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na wasiopewa. Kwa hiyo anayechomwa deksamethasoni na kurudishwa nyumbani bila dawa ya kutuliza maumivu amehudumiwa vibaya, hata kama shavu lake litabaki zuri.

Nikiri udhaifu wa ushahidi huu kabla sijaujengea zaidi. Majaribio mengi yana watu 20 hadi 60. Utepe juu ya shavu si kipimo cha uhakika sana. Mkono mmoja huuvuta kwa nguvu kuliko mwingine. Dozi, njia na saa hutofautiana kutoka utafiti hadi utafiti, na waliopimwa ni vijana wasio na kisukari, wasio na mimba, wasio na vidonda vya tumbo. Mtu anaweza kusema kwamba nyumba imejengwa juu ya mchanga. Sikubaliani. Tafiti ndogo zinazotoka Italia, Nigeria, Iraki, India na Marekani, kwa mikono tofauti na vipimo tofauti, zingekuwa zimeyumba huku na huku kama dawa haina nguvu. Badala yake, kwenye uvimbe, zinaelekea upande mmoja. Tena udhaifu wao unaathiri zaidi ukubwa wa faida kuliko kuwepo kwake. Na hilo ndilo linalotufanya tuwe wachaguzi: pale ambapo jeraha litakuwa dogo, yaani gego lililosimama wima linalotoka kwa koleo bila kuchonga mfupa, uvimbe unaotarajiwa ni mdogo, na hakuna cha maana cha kuokoa. Kumchoma mgonjwa huyo ni kumpa hatari ndogo bila malipo yoyote.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maambukizi. Steroidi hupunguza kinga, kinywa kimejaa bakteria, tundu liko wazi: daktari anayekataa ana mantiki yake, na ni mantiki ya mtu anayemjali mgonjwa. Jibu linatoka kwenye utafiti mkubwa zaidi wa deksamethasoni katika upasuaji, uitwao PADDI, uliochapishwa mwaka 2021. Ulifanyika katika nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwemo, kwa wagonjwa zaidi ya 8,700 wa upasuaji mbalimbali usio wa moyo, na wenye kisukari hawakuachwa nje. Nusu walipewa miligramu 8 za deksamethasoni mara moja, nusu hawakupewa. Ndani ya siku 30, maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 8.1 kwa waliopewa na asilimia 9.1 kwa wasiopewa. Mtu atasema huo haukuwa upasuaji wa kinywa, na ni kweli. Lakini vidonda vile vilikuwa vikubwa kuliko tundu la gego, na wagonjwa wake walikuwa wakubwa kiumri na dhaifu kuliko vijana wetu; kama dozi moja ingekuwa inafungua mlango wa maambukizi, ingefungua huko kwanza. Mapitio ya mwaka 2010 yaliyohusu upasuaji wa kinywa na mataya nayo hayakuona ongezeko la maambukizi. Sharti moja linabaki: pale ufizi unapotoa usaha, homa ipo, au uvimbe wa maambukizi umeshaingia shavuni, kwanza yatibiwe maambukizi. Steroidi haina nafasi kwenye kikao hicho.

Pingamizi la pili ni la homoni. Mwili hutengeneza kotisoli yake kwenye tezi zilizo juu ya figo, na steroidi ya nje huziambia tezi hizo zipumzike. Miligramu 8 za deksamethasoni ni sawa na zaidi ya miligramu 200 za haidrokotisoni, mara nyingi ya kile mwili hutoa kwa siku ya kawaida, kwa hiyo mtu asiseme ni dozi ndogo. Usalama wake unatokana na ufupi wake. Tezi hunyamaza kwa siku chache kisha hurudi kazini ndani ya wiki moja, bila kupunguza dozi hatua kwa hatua. Vidonge vya siku tano, au saba kama wanavyoandika wengine, hurefusha ukimya huo. Huongeza pia uwezekano wa tumbo kuungua, hasa mgonjwa akiwa anameza diklofenaki wakati huohuo, maana dawa hizo mbili zikikutana tumboni madhara yake hujumlishana. Vinamkosesha mgonjwa usingizi, vinapandisha sukari siku baada ya siku, na vinaendelea kuzuia uchochezi wakati ambao kidonda kinauhitaji ili kipone. Yote hayo kwa faida ambayo dozi ya kwanza ilishaichukua.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki hesabu ya hatari ina mambo ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia haraka. La kwanza ni sukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kuwa wanacho. Kumuuliza mgonjwa kama ana kisukari, basi, hakutoshi. Tone la damu la kidoleni kabla ya upasuaji ni jambo la dakika moja, na kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, au mnene, au mwenye ndugu wagonjwa, lifanywe bila mjadala. La pili ni kifua kikuu na VVU. Dozi moja haimwangushi mtu anayemeza dawa zake vizuri, ila ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya mipango ya ARV, huzuia ini lisivunje steroidi na hivyo kurefusha kazi yake, wakati rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, ikiimaliza mapema. Daktari anayejua mgonjwa anameza nini ataamua kwa akili, asiyeuliza anabahatisha. La tatu ni minyoo ya strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya mguu na kuweza kuishi mwilini miaka mingi bila dalili. Steroidi inaweza kuifanya izaliane kwa kasi na kusambaa. Visa vinavyojulikana vinahusu hasa waliotumia dawa kwa muda, ingawa vichache vilifuata matumizi mafupi. Hoja zote tatu zinaegemea upande mmoja: zinavumilika kwenye dozi moja na zinazidi uzito kila siku ya ziada.

Kuna pia historia ya dawa hii mitaani, na haiwezi kutenganishwa na kliniki. Katika Kinshasa vidonge vya deksamethasoni vimetumiwa kuongeza hamu ya kula na kunenepa. Krimu za kujichubua zenye klobetasoli, steroidi kali ya ngozi, zimeharibu nyuso katika miji yetu mingi. Kisha ikaja Juni 2020, pale jaribio la RECOVERY la Uingereza lilipotangaza kwamba miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku zilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa karibu theluthi moja, na vya waliohitaji oksijeni kwa karibu moja ya tano. Jina la dawa likavuma hadi kwenye maduka ya dawa ya vijijini. Kilichovuma kidogo ni nusu ya pili ya matokeo yale yale: kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa haikuonyesha faida. Dawa ilikuwa ileile, kilichobadilika ni mgonjwa. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kile ninachokitetea hapa kuhusu gego. Mgonjwa anayepewa vidonge vitano vya deksamethasoni mkononi huenda akavimaliza, huenda akabakiza viwili vya kumpa jirani mwenye jino linalouma. Sindano iliyochomwa ndani ya kliniki haigawiwi.

Baadhi ya madaktari wazoefu wana pingamizi tofauti kabisa: mkono mzuri hauhitaji steroidi. Ukipasua kidogo, ukalikata jino badala ya kulichongea mfupa mwingi, ukamimina maji ya kutosha na kumaliza mapema, uvimbe utakuwa mdogo, na barafu itamaliza kazi. Pingamizi hili lina ukweli mwingi. Upasuaji mrefu na wa mfupa mwingi ndio unaovimbisha, na hakuna sindano inayofidia mkono mzito. Ningeongeza kwamba njia bora ya kuepuka yote ni kutoligusa jino lisilo na ugonjwa. Uingereza, kupitia mwongozo wa mwaka 2000 wa NICE, taasisi yake ya miongozo ya tiba, ilielekeza magego ya mwisho yenye afya yasing'olewe kwa tahadhari tu. Lakini jino linapohitaji kutoka, na limelala ndani ya mfupa, hata mkono bora huacha uvimbe, na tafiti zilizotajwa hapa zilifanywa na mikono ya wataalamu. Kusema uvimbe utapona wenyewe ni kweli kwa mwili, ila hakumsaidii mama lishe anayefunga genge siku nne, mwalimu asiyeweza kutamka vizuri darasani, au kijana aliyefanyiwa upasuaji wiki ya mtihani. Wao ndio wanaolipa gharama ya siku zile. Watafiti wa Iraki waliochapisha kazi yao mwaka 2011 waliwauliza wagonjwa kuhusu maisha yao ya kila siku baada ya upasuaji badala ya kupima milimita tu, na waliochomwa deksamethasoni kwenye ufizi walikuwa na hali bora. Kipimo cha namna hiyo kingefaa kuwa cha kwanza katika utafiti wowote utakaofanywa Muhimbili au Nairobi.

Njia hiyo ya ufizi ndiyo ninayoiona inafaa kliniki zetu kuliko zote. Sehemu imeshatiwa ganzi, kwa hiyo mgonjwa hasikii sindano ya ziada. Daktari hahitaji kutafuta mshipa wala kuwa na muuguzi wa pembeni. Na dawa inakwenda karibu na mahali jeraha litakapotokea. Mililita moja inachomwa polepole chini ya ufizi wa upande wa shavu, kando ya jino, kabla kisu hakijagusa kitu. Kwa mshipa nako inafanya kazi vizuri, hasa mgonjwa akiwa amelazwa kwa usingizi, ambako deksamethasoni hupunguza pia kichefuchefu cha baada ya upasuaji. Kwa aliye macho isisukumwe kwa haraka, kwa sababu huleta mwasho na kuungua kwa ghafla sehemu za siri, jambo linaloweza kumtia mgonjwa hofu kubwa ingawa hupita baada ya muda mfupi. Kuhusu kiasi, watafiti wa Italia walilinganisha miligramu 4 na 8 kwenye ufizi, wakachapisha mwaka 2007 kwamba zote mbili zilipunguza uvimbe na hazikutofautiana. Kama 4 inatosha, 8 ni ya nini? Ningeiacha kwa meno machache magumu mno.

Kinachobaki ni maneno kati ya daktari na mgonjwa, na hapa kliniki nyingi hukosea hata zinapochoma dawa sahihi kwa saa sahihi. Mgonjwa aambiwe amepewa steroidi, na kadi yake iandikwe jina la dawa, miligramu na saa, ili daktari mwingine atakayemwona kesho asiirudie. Aambiwe usiku wa kwanza usingizi unaweza kuwa mwepesi na, kama ana kisukari, apime sukari mara nyingi zaidi kwa siku mbili. Aambiwe uso utavimba bado, ila kidogo, na kilele kitakuwa siku ya pili au ya tatu. Na aelezwe waziwazi kuhusu siku ya nne na ya tano, wakati ambapo nguvu ya dawa imekwisha: uvimbe unaoanza upya hapo, unaongezeka badala ya kupungua, unashuka chini ya kidevu, au unakuja na homa na ugumu wa kumeza, si ule wa upasuaji. Ni wa maambukizi hadi atakapochunguzwa, na unaweza kuziba njia ya hewa. Mtu huyo arudi siku hiyohiyo, tundu lifunguliwe na kusafishwa, apewe antibayotiki, na asichomwe deksamethasoni nyingine kwa sababu tu ile ya kwanza ilimsaidia.